Faili lako liko kwa nani?

Hotuba kwa kikundi cha akina mama wa Likoni, Mombasa, pamoja na waume waliokubali kuja

Assalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wengineo wote, hamjambo.

Bi mwenyekiti amenipa nusu saa na kipaza sauti chenye kwikwi, kwa hivyo mkiniona nimenyamaza ghafla msidhani nimesahau maneno. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sare nimeivaa miaka 32, nyingi kati ya hiyo kwenye hospitali za serikali hukuhuku pwani, na hata sasa nikisikia mtu anakohoa nyuma yangu kwenye feri nageuka kumwangalia.

Nimeambiwa nizungumzie namna ya kumpata daktari wa familia aliye karibu. Kabla sijaanza, wacha niwaulize kitu. Mwenye fundi wake wa kumshonea, ainue mkono. Naam, karibu nyote. Mwenye muuza samaki wake, yule anayemwekea changu mzuri chini ya gunia? Hata wanaume wameinua. Sasa mwenye daktari wake. Simaanishi hospitali, namaanisha mtu. Wewe unamjua jina, naye akikuona mlangoni anakujua wewe ni nani na mara ya mwisho ulikuja na nini. Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa muuguzi niliyemfundisha mwenyewe, huyo simhesabu. (Kicheko.)

Basi tuanzie hapo. Changu tunajua pa kumpata, lakini presha tunaipeleka popote penye foleni fupi.

Nitawaambia habari za mamangu, Mungu amrehemu, kwa sababu mimi somo hili sikulipata darasani. Mamangu alikuwa na presha. Dawa zake alichukua kliniki ya serikali, kila mwezi, bila kukosa. Kisha akaenda kukaa kwa dadangu kule kisiwani, akaishiwa na vidonge, dadangu akampeleka zahanati ya kibinafsi iliyokuwa karibu na nyumba. Akapimwa, presha iko juu, akaandikiwa dawa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akitumia nini. Aliporudi Likoni akachukua tena zile za serikali, na kwa kuwa ni mama mwenye nidhamu, akawa anameza zote. Kidonge cheupe asubuhi, cha pakiti ya buluu jioni.

Baada ya wiki kadhaa miguu ikamvimba. Ndara haziingii. Tukampeleka mahali pa tatu, kwa sababu siku hiyo pale pa pili palikuwa pamefungwa. Daktari wa pale akaiona miguu, akaibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, akaandika vidonge vya kukojoza. Sasa mamangu akawa anaamka usiku mara nne, mara tano. Alfajiri moja akasimama kwenda msalani, kichwa kikamzunguka, akaanguka kwenye kile kidaraja cha bafuni na kuvunjika mkono.

Mimi muuguzi nilikuwa nalala chumba cha pili. Nataka mlisikie hilo vizuri, msije mkasema hao walikuwa watu wasiosoma.

Plasta ilipotolewa, jirani akatuambia kuna daktari binti, yuko kwenye kliniki ndogo nyuma ya soko, nendeni kwa huyo. Tulikwenda kwa ajili ya mkono. Yeye mkono aliutazama dakika moja, akasema unaunga vizuri, kisha akauliza: "Bibi, nyumbani una dawa gani?" Mamangu akaanza kutaja, "kuna kile cheupe, na kile cha pakiti ya buluu..." Binti akamkatiza kwa adabu: "Kesho nileteeni zote. Hata zilizokwisha muda, hata za mjukuu."

Kesho yake tukaenda na kopo la biskuti. Mnalijua hilo kopo, kila nyumba inalo, ukilifungua ukitaka biskuti unakuta sindano na uzi. La mamangu lilikuwa limejaa dawa. Daktari akatandika gazeti mezani, akamwaga zote, akaanza kuzipanga kama mtu anayechambua mchele. Za kukohoa huku. Za maumivu huku. Kisha akachukua ile pakiti nyeupe na ile ya buluu, akaziweka pamoja mbele yangu, akaweka ukucha kwenye herufi ndogo zilizo chini ya jina kubwa. Amlodipini. Na huku pia, amlodipini. Viwanda viwili, majina mawili ya biashara, dawa ileile. Mamangu alikuwa akimeza miligramu 20 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho mtu mzima hupewa ni 10. Na dawa hiyo, hasa ikiwa nyingi, huvimbisha miguu. Kwa hivyo miguu ilivimba kwa dawa, akapewa dawa ya kuondoa kazi ya dawa, na hiyo ya pili ndiyo iliyomwangusha.

Binti hakuagiza kipimo chochote kikubwa. Alitumia kalamu, akafuta viwili, akaacha kimoja. Akasema turudi baada ya wiki mbili apime presha. Tuliporudi, mamangu alikuwa amevaa ndara zake.

Nikamuuliza yule binti amesomea nini. Akasema, tiba ya familia.

Ngoja niseme ni kitu gani, maana wengi husikia "daktari wa familia" wakadhani ni daktari wa matajiri, anayekuja na mkoba nyumbani kama kwenye sinema. Hapa kwetu Kenya mtu husomea udaktari miaka sita, akafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha huyu wa familia akarudi shule miaka mingine minne kama wanavyorudi wa upasuaji na wa watoto. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ndicho kilichoanza kufundisha, mwaka 2005, na vyuo vingine vikafuata. Anasomea mtoto, mja mzito, mzee, kidonda, huzuni isiyoisha, kisukari, na zaidi ya hayo anasomea namna mambo hayo yanavyoingiana ndani ya mtu mmoja na nyumba moja. Wale wengine wanajua kiungo. Huyu kiungo chake ni wewe.

Jina hili wengi tulilisikia mwaka 2018, serikali ilipoleta madaktari wapatao 100 kutoka Kuba na kuwagawa kaunti mbalimbali. Wengi wao walikuwa madaktari wa familia, kwa sababu Kuba ndio mfumo wao tangu miaka ya themanini, daktari na muuguzi wanakaa mtaani pamoja na watu wao. Wakati uohuo Wakenya 50 wakapelekwa kule kusomea fani hiyohiyo. Mkataba ule ulimalizwa mwaka 2023. Kulikuwa na kelele nyingi juu yake, za mishahara na za lugha, na mimi sikuja kuzifufua. Ninalosema ni kwamba madaktari hawa wapo nchini, ila ni wachache mno, na ukizunguka Likoni yote leo huenda usimpate hata mmoja mwenye shahada hiyo.

Sasa mtaniuliza, kama hawapo, umetuitia nini?

Nimewaitia kwa sababu alichofanya yule binti na lile kopo hakikuhitaji miaka minne. Kilihitaji mtu mmoja anayeona vitu vyote pamoja. Ukimpata mwenye shahada, mshike usimwachie. Ukimkosa, tafuta anayefanya kazi ile: daktari wa kawaida kwenye kliniki ya jirani, au afisa wa kliniki, ambaye sisi sote humwita daktari ingawa amesomea diploma. Maafisa wa kliniki ndio wanaoshika mzigo mkubwa wa nchi hii na nimefanya kazi na baadhi yao ambao ningewakabidhi wanangu nikiwa nimefumba macho. Ila ujue uko na nani. Muulize. Mtu mwenye cheti chake haoni haya kukwambia. Kama ni daktari, jina lake liko kwenye orodha ya baraza lao, lile la KMPDC, na leseni huifanya upya kila mwaka. Orodha iko kwenye mtandao, mwambie mjukuu akutafutie kwa simu, ni kazi ya dakika mbili. Na leseni ya kliniki yenyewe inatakiwa iwe imetundikwa ukutani. Ukiingia mahali ukaona kalenda tatu na picha ya rais lakini leseni huioni, uliza iko wapi.

Karibu, nilisema. Sisi wa Likoni tunalijua neno "karibu" kuliko watu wengi, kwa sababu kati yetu na hospitali kubwa ya Makadara kuna maji. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini si bure kwa mama mwenye goti bovu anayesukumwa na umati saa kumi na moja jioni. Kuna watu hapa wana madaktari mabingwa ng'ambo ya feri, nawapongeza. Lakini daktari wa kukufuatilia presha awe mahali unapofika kwa miguu, au kwa tuktuk moja. Ikiwa kumwona ni safari, utakwenda ukiwa hoi tu, na huyo atakuwa hajawahi kukuona mzima. Hatajua uso wako wa siku zote ukoje. Nusu ya uuguzi ni kujua kwamba leo mtu huyu si kama alivyo.

Ndiyo maana nawaambia, siku ya kwanza nenda huumwi. Najua mnacheka. Mtu na akili yake akae foleni haumwi? Nenda, sema nimekuja kupimwa presha na sukari, nimehamia huduma kwako. Uliza bei ya kumwona kabla hujaingia, si aibu, sokoni unauliza. Kisha ukae umtazame yeye anavyokutazama. Mimi nina vipimo vyangu vya kienyeji. Akianza kuandika dawa hujamaliza sentensi, aga. Asipouliza unatumia nini kingine, mpe nafasi ya pili, huenda amechoka. Mara ya pili asipouliza, aga. Muulize ukienda likizo nani ataniona, na je, huyo atayaona maandishi yako? Muulize ukishindwa unanipeleka wapi. Hapo sikiliza vizuri. Daktari mzuri ana jibu tayari: wa moyo nampeleka kwa fulani, mja mzito mwenye presha namvusha usiku huohuo. Akikwambia "hapa hatushindwi na kitu", ondoka, hayo ni maneno ya kwenye mabango ya waganga, hapo kwenye nguzo za stima. (Kicheko.)

Na tukiwa kwa waganga. Nusu ya watu hapa wana mwarobaini nyumbani, nami nikiwemo. Sitaki kusikia kwamba mnaificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa vilevile. Miti mingine hushusha sukari, na ukiichanganya na vidonge vya sukari unaweza kuanguka sokoni. Kwa hivyo daktari unayemtafuta ni yule unayeweza kumwambia "nakunywa mwarobaini" asikufokee. Akikufokea leo, kesho utamdanganya, na dawa utaendelea kunywa. Nimeona hayo wodini mara nyingi.

Kuna jambo la lugha pia, na hili wenzetu wa bara huwa hawalipimi. Mama anaweza kusema tumbo linanisokota, au linanikata, au linaniunguza. Kwetu hayo ni mambo matatu. Daktari mgeni anaandika "tumbo linauma" na kuendelea. Si kosa lake, lakini wewe umepoteza theluthi mbili za habari yako. Daktari wa kukaa naye miaka atajifunza maneno yako. Na yako maneno mengine hayasemeki kwa kila mtu. Baba zangu mliokaa pale nyuma mnajua nasema nini. Kisukari kikikaa mwilini kina mahali kinapogusa, na mwanamume atakwenda kununua vidonge gizani kuliko kumwambia binti wa miaka ishirini na tisa. Akina mama nao, wako ambao hawavuliwi nguo na mwanamume hata iweje. Sema. Omba daktari wa kike, au omba muuguzi awepo chumbani. Hiyo ni haki yako na hakuna atakayekushangaa.

Niseme kidogo juu ya pesa, halafu nije kwenye faili, yaani maandishi ya afya yako, maana moyo wangu uko kwenye faili.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa, haipo tena, iliyokuwepo tangu 1966. Sasa ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kujisajili unabonyeza *147# kwenye simu yako. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali juu ya nyumba na maisha yake, kisha anapangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima. Lakini wengi hawajui hili: matibabu ya msingi, yale ya zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, yanalipwa na mfuko mwingine, na huko kinachotakiwa kwako ni kuwa umesajiliwa. Kwa hivyo anayesema "sijalipa SHA basi siwezi hata kwenda zahanati", mrekebisheni. Waulizeni pale dirishani kama kituo kina mkataba na SHA. Na nisiwadanganye, kusajiliwa ni jambo moja na dawa kuwepo kwenye rafu ni jambo lingine.

Pia wako wale wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba mwaka 2023, wapata laki moja nchi nzima, kila mmoja na nyumba zake kama mia hivi. Wana kipimo cha presha na cha sukari. Mkitaka kujua ni daktari gani mtaani anasikiliza watu, msiulize bango wala redio. Muulizeni huyo, na mumuulize muuza duka la dawa, kwa sababu huyo husoma mwandiko wao wote na anajua nani anaandika dawa nane kwa homa moja.

Haya, faili.

Mtoto akizaliwa anapewa kijitabu cha kliniki. Mama anakilinda kama hati ya shamba. Chanjo zote zimo, uzito umo, hata siku aliyoharisha. Mtoto akifika miaka mitano kijitabu kinaishia ndani ya sanduku, na tangu siku hiyo hadi anakufa mzee wa miaka themanini hakuna mtu aliyeandika habari zake mahali pamoja. Sisi tunabeba daftari la shilingi ishirini. Likijaa, au likilowa, tunanunua jipya na historia inaanza upya. Nimepokea wagonjwa wenye madaftari matatu ya hospitali tatu, na kila moja linasema "hana historia ya ugonjwa".

Mwaka 2022 watafiti wa Norwei walitoa matokeo yao. Kule kila mtu ana daktari wake kwa orodha tangu 2001. Walitazama rekodi za watu zaidi ya milioni nne. Waliokaa na daktari yuleyule zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu, waliolazwa kwa dharura walikuwa wachache kwa takriban asilimia 28, na waliokufa walikuwa wachache kwa asilimia 25 hivi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema daktari ndiye sababu pekee. Huenda anayehamahama daktari ana taabu zake nyingine. Na Norwei si Likoni. Lakini nilipozisoma zile namba nililiona kopo la biskuti.

Kwa hivyo mkiwa hamna daktari mwenye orodha, kuweni nyinyi ndio orodha. Daftari moja gumu, la jalada, kwa kila mtu mzima nyumbani. Ukurasa wa kwanza: magonjwa uliyo nayo, dawa kwa yale majina ya herufi ndogo, dawa inayokudhuru, upasuaji uliofanyiwa, simu ya mtu wako. Nendeni mahali palepale, siku ileile ya kliniki, na mkiweza kwa mtu yuleyule. Mkienda kwingine kwa dharura, mwambieni wa kwanza. Na tafadhali, kwa ajili ya Mungu, msiende nyumbani leo mkaanza kutupa vidonge kwa sababu ya hadithi ya mamangu. Kuacha dawa ya presha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Alizifuta daktari, hakuzifuta jirani.

Sasa, mlipoalikwa niliomba kila mtu aje na dawa zake zote. Naona baadhi mmekuja mikono mitupu, na naona Bi Mkubwa pale nyuma, mwenye buibui, kikapu kimejaa hadi mpini. Nimekuja na daktari. Ni yule binti, ingawa sasa ana mvi mbili tatu. Amekaa pale dirishani, na gazeti lake ameshalitandika mezani. Bi Mkubwa, tuanze na kikapu chako.